Kukagua Mfumo wa Faili kwa Mstari wa Amri: Somo kwa Mtafiti wa Lugha na Fasihi Simulizi Kaskazini Mashariki mwa Kenya

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna mtafiti wa lugha na fasihi simulizi anavyoweza kutumia mstari wa amri wa kompyuta kukagua mahali rekodi zake zilipohifadhiwa. Mifano imetolewa katika mazingira ya Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa jumla, ambako rekodi iliyopotea huenda isipatikane tena. Makala yanadai kwamba ukaguzi huu ni sehemu ya mbinu za utafiti wala si kazi ya fundi peke yake, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari anayo maarifa ya sarufi yatakayomwezesha kuuelewa kwa wepesi.

1.0 UTANGULIZI

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kuuliza maswali, kunukuu, kutafsiri na kuchanganua. Ni nadra kufunzwa jinsi ya kuthibitisha kwamba sauti aliyoirekodi ingalipo. Akirejea chuoni kutoka nyanjani huingiza kadi ya kumbukumbu katika kompyuta, hubonyeza picha ya folda, na kama folda inaonekana tupu huamini kwamba ni tupu. Imani hiyo ndiyo inayohojiwa katika makala haya.

Mji wa Garissa umejengwa kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Hadi mwaka 2013 ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, eneo ambalo sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Lugha ya walio wengi ni Kisomali, lugha yenye utajiri mkubwa wa ushairi wa mdomo. Katika bonde la Tana, jirani na Garissa, kuna Kielwana, ambacho pia huitwa Kimalakote. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika uchunguzi wao wa mwaka 1993, walikiweka Kielwana katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Kwa hiyo anayekirekodi Kielwana anamrekodi ndugu wa Kiswahili, tena ndugu mwenye wasemaji wachache. Kusini zaidi, kuelekea Lamu, katika eneo la msitu wa Boni, wanaishi Waaweer ambao lugha yao ya Kikushi imo hatarini. Nazo kambi za Dadaab, zilizoanzishwa kuanzia mwaka 1991, zimekusanya wasimulizi kutoka Somalia na nchi nyingine jirani.

Katika mazingira haya, kupoteza rekodi si sawa na kupoteza insha ya darasani. Insha huandikwa upya. Mzee aliyesimulia chimbuko la ukoo wake huenda asiwe hai msimu ujao. Jamii ya wafugaji huenda ikawa imehama. Njia iliyopitika Januari huenda isipitike Aprili kwa mvua au kwa sababu za usalama. Mtafiti anayeweza kuiuliza diski maswali na kupata majibu yenye ushahidi ana nafasi ya kuokoa alichokabidhiwa.

2.0 MFUMO WA FAILI NI NINI?

Diski, flashi au kadi ya kumbukumbu ni safu ndefu ya vyumba vidogo vinavyolingana. Chumba kimoja huitwa bloku, na katika diski nyingi za Linux bloku moja hubeba baiti 4,096. Mfumo wa faili ni utaratibu unaoeleza ni bloku zipi zimekaliwa, zipi ziko wazi, na zile zilizokaliwa ni za faili gani. Bila utaratibu huo sauti ingalikuwapo, lakini hakuna ambaye angejua inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mifumo hiyo ni ya aina mbalimbali. Kadi nyingi za vinasa sauti hutumia FAT32, mfumo wa kampuni ya Microsoft uliotoka mwaka 1996. Una mpaka ambao mtafiti yapasa aujue: faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Kinasa kinachorekodi kwa njia mbili za sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde zenye biti 24, hutumia baiti 288,000 kila sekunde; hufikia mpaka huo baada ya saa nne na dakika nane hivi. Sherehe ya usiku kucha haiwezi kuenea katika faili moja.

Kompyuta za Linux kwa kawaida hutumia familia ya ext. Mfumo wa ext2 ulitoka mwaka 1993. Ext3, uliotoka mwaka 2001, uliongezewa shajara. Ext4 ulikomaa mwaka 2008. Shajara ni daftari ambamo mfumo huandika kwanza jambo unalokusudia kulifanya kabla ya kulifanya. Umuhimu wake hauhitaji maelezo marefu kwa anayeyajua maeneo kama Wajir na Mandera, ambayo kwa miaka mingi yametegemea umeme wa mitambo ya dizeli. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, shajara husomwa kompyuta inapowashwa tena, na mfumo ukajirekebisha. FAT32 haina shajara. Betri ya kinasa ikizimika katikati ya masimulizi, huenda bloku zikawa zimejaa sauti ilhali orodha ya majina haijaandikwa lolote.

3.0 SARUFI YA AMRI

Mstari wa amri ulipata umbo lake linalojulikana leo katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilifuata nyayo hizo. Kwa mwanafunzi wa isimu, jambo la kuvutia ni kwamba amri hizi zina sarufi, na sarufi yenyewe si ngeni. Tazama mfano huu:

ls -l hadithi

Neno la kwanza ni kitenzi: orodhesha. La pili ni kielezi: kwa urefu, yaani pamoja na ukubwa na tarehe. La tatu ni shamirisho: saraka iitwayo hadithi. Kiima hakitajwi, kama kisivyotajwa katika "Soma!" au "Njoo!", kwa kuwa anayeamrishwa yuko mbele ya msemaji. Vielezi hivyo huweza pia kuambatishwa mithili ya viambishi: badala ya -l -h huandikwa -lh, ambapo h huagiza kwamba ukubwa utolewe kwa vipimo vinavyosomeka na binadamu.

Tofauti kubwa iko kwenye mpaka wa neno. Katika mstari wa amri, nafasi tupu ndiyo inayotenganisha neno na neno, wala hakuna muktadha wa kusaidia. Kiswahili huandika kihusishi cha a-unganifu peke yake, kwa hiyo jina la kawaida kama "hadithi ya fisi.wav" kwa kompyuta ni mashamirisho matatu: hadithi, ya, na fisi.wav. Amri ya kunakili itashindwa na kulalamika. Amri ya kufuta huweza kuleta msiba, hasa inapoandamana na kinyota, ambacho maana yake ni "chochote":

rm hadithi *

Aliyekusudia kufuta faili zinazoanza na neno hadithi amefuta kila faili iliyomo katika saraka hiyo kwa sababu ya nafasi moja tupu. Dawa ni kulifunga jina ndani ya alama za kunukuu, au bora zaidi kuandika hadithi_ya_fisi.wav tangu mwanzo.

Tahajia nayo ina uzito wake. Kisomali kinaandikwa kwa alfabeti ya Kilatini iliyorasimishwa nchini Somalia mwaka 1972, na methali kwa Kisomali ni maahmaah. Faili moja ikiitwa maahmaah_01.wav na nyingine mahmah_02.wav, amri ya kutafuta itaipata moja na kuiacha nyingine. Vilevile ext4 hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Gabay na gabay ni majina mawili. FAT32 huyahesabu kuwa moja.

4.0 HATUA ZA UKAGUZI

Ichukuliwe kwamba mtafiti amerejea Garissa mjini akiwa na kadi yenye mahojiano ya saa sita. Kinasa kilizimika ghafla siku ya mwisho, na kompyuta inaonyesha folda tupu. Afanye nini?

4.1 Asiandike chochote

Kanuni ya kwanza ni kutoiandikia kadi hiyo kitu chochote: asirekodi tena juu yake, wala asikubali kompyuta inapomshauri aiumbize upya. Kadi kubwa za aina ya SD zina kitufe kidogo ubavuni cha kufungia uandishi, kifungwe.

4.2 Aitambue kadi

lsblk -f

Amri hii huorodhesha diski zote zilizounganishwa na aina ya mfumo wa faili wa kila sehemu. Diski ya kompyuta huweza kuitwa sda na kadi ikaitwa sdb1, mbele yake pakiwa na vfat, jina ambalo Linux huitumia kwa familia ya FAT. Hatua hii isirukwe, kwa sababu amri zinazofuata hutaja kifaa kwa jina, na anayekosea jina hukosea diski.

4.3 Achukue nakala kamili

Kama kompyuta imeipachika kadi yenyewe, kwanza ipachuliwe kwa amri ya umount, isiyofuta chochote. Kisha:

sudo dd if=/dev/sdb1 of=kadi.img bs=4M

Neno sudo huomba mamlaka ya msimamizi. Herufi if= hutaja chanzo na of= hutaja kikomo. Hapa makosa hayasameheki: mtu akibadilisha nafasi za chanzo na kikomo, ataijaza kadi kwa kitu kingine na kuiangamiza sauti. Nakala inayopatikana ina kila bloku, ikiwa na jina au isiwe nalo. Kuanzia hapo kadi yenyewe huwekwa kando, na kazi yote hufanywa juu ya nakala.

4.4 Aulize maswali mawili na kulinganisha majibu

sudo mount -o ro,loop kadi.img /mnt
df -h /mnt
du -sh /mnt
ls -la /mnt

Amri ya mount huipachika nakala ili isomeke. Ro huagiza kwamba isomwe tu. Amri ya df huuliza mfumo wa faili: nafasi iliyokaliwa ni kiasi gani? Amri ya du hupita katika faili moja baada ya nyingine na kujumlisha. Ya ls, ikiongezewa a, huonyesha hata majina yanayoanza na nukta, ambayo kwa kawaida hufichwa.

Katika mfano huu, sauti ya njia moja yenye sampuli 44,100 na biti 16 hutumia baiti 88,200 kwa sekunde. Saa sita ni baiti 1,905,120,000. Basi df ikisema gigabaiti 1.8 zimekaliwa, na du ikasema kilobaiti 32 tu, mtafiti amepata ushahidi. Vyumba vimekaliwa, ila orodha ya wakazi imepotea. Folda ilionekana tupu kwa sababu folda ni orodha ya majina tu. Kama majibu yote mawili yangekuwa karibu na sifuri, hitimisho lingekuwa tofauti na matumaini yangepungua.

4.5 Akague bila kurekebisha, kisha arekebishe nakala ya nakala

fsck.fat -n kadi.img

Herufi n huagiza ukaguzi bila kuandika. Programu hutaja kasoro ilizoziona, zikiwamo bloku zilizoshikwa lakini zisizo na mwenyewe. Hapa pana mtego: programu hii ikiachiwa irekebishe bila maelekezo zaidi, kwa kawaida bloku hizo huzirudisha katika nafasi iliyo wazi. Mfumo wa faili hupona, sauti ikafa. Ndipo inapofaa kufanya nakala ya pili na kuiongezea amri kielezi cha -f, kinachoagiza bloku zisizo na mwenyewe zikusanywe ziwe faili. Faili hizo hupewa majina kama FSCK0000.REC.

Jina hilo halisemi lolote, lakini amri ya file haitegemei jina. Husoma baiti za mwanzo za faili yenyewe. Sauti ya WAV huanza na herufi RIFF zikifuatwa, baada ya baiti nne, na WAVE. Zikiwapo, mtafiti amempata msimulizi wake.

4.6 Asome tarehe kwa tahadhari

Rekodi iliyookolewa huweza kuwa na tarehe ya 1 Januari 1980. Hiyo si tarehe ya mahojiano. Kalenda ya FAT huanzia siku hiyo, na kinasa ambacho saa yake haikuwekwa huanza kuhesabu hapo au katika tarehe nyingine ya kiwandani. Tena saa zenyewe huonyeshwa kuanzia usiku wa manane: 20:15 ni saa mbili na robo usiku. Katika tasnifu, tarehe ya mahojiano itolewe kwenye daftari la nyanjani, na tarehe ya faili itumike kuithibitisha tu.

5.0 JINA NA MWENYE JINA

Katika ext4 uhusiano wa jina na faili ni wa kuvutia zaidi. Kila faili ina rekodi iitwayo inodi, yenye namba yake, inayotunza ukubwa, tarehe, mwenye faili na mahali bloku zilipo. Jambo moja halimo katika inodi: jina. Jina hukaa katika saraka, likiwa limeelekezwa kwenye namba ya inodi. Amri ya ls -i huonyesha namba hizo.

Anayeujua mnada wa mifugo wa Garissa hatapata taabu kulielewa hili. Mfanyabiashara mmoja hujulikana sokoni kwa lakabu, ambayo Wasomali huiita naanays, na katika kitambulisho akawa na majina matatu mengine kabisa. Majina ni mengi, mtu ni mmoja. Vivyo hivyo inodi moja huweza kuwa na majina mawili katika saraka mbili; ukifuta moja, faili ingalipo kwa jina la pili. Jina la mwisho linapofutwa na hakuna programu inayoitumia faili hiyo, ndipo bloku zake huachiwa wengine.

Chombo cha kuyaona haya moja kwa moja ni debugfs, kilichomo katika zana za familia ya ext. Kwa kawaida hufungua diski kwa kusoma tu:

sudo debugfs -R 'stat <2>' /dev/sda2

Amri hii huonyesha inodi namba 2, ambayo katika mifumo ya ext ndiyo saraka kuu, mzizi wa zote. Ndani ya debugfs pia mna lsdel, iliyokusudiwa kuorodhesha inodi zilizofutwa. Katika ext2 ilisaidia sana. Katika ext3 na ext4, faili inapofutwa, maelezo ya mahali bloku zake zilipo hufutwa pia ndani ya inodi, hivyo lsdel mara nyingi hurudi mikono mitupu. Programu nyingine, kama PhotoRec, huziacha inodi na kuzipekua bloku zenyewe zikitafuta alama kama ile ya RIFF, lakini majina hayarudi.

Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, pachika, pachua. Mstari wa amri unayo katika mount na umount. Kitenzi rm hakina kinyume chake. Ukaguzi huweza kuonyesha kilichobaki. Hauwezi kuahidi kurudisha kilichokwenda.

6.0 SUALA LA ISTILAHI

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na tangu hapo mjadala kuhusu istilahi za kompyuta umehusu zaidi maneno yanayoonekana katika madirisha. Mstari wa amri unahitaji mkabala mwingine. Vitenzi kama ls na df ni vifupisho vyenye asili ya Kiingereza, lakini sasa ni alama zinazotumika ulimwenguni kote. Kuvitafsiri kungemtenga mtumiaji. Kinachohitajika ni lugha ya kuvifundishia.

Katika makala haya saraka imetumika kwa orodha ya majina iliyomo katika diski, na folda kwa picha inayobonyezwa, kwa kuwa tofauti ya viwili hivyo ndiyo iliyomwokoa mtafiti katika sehemu ya 4.4. Shajara imependekezwa kwa sababu maana yake ya kila siku, daftari la matukio, inaafiki kazi yake. Kupachika na kupachua yana faida ya kuonyesha kinyume kwa mofolojia ya Kiswahili chenyewe. Bloku na inodi zimekopwa kwa kuwa kubuni neno jipya kabla dhana haijazoeleka huleta giza badala ya nuru.

7.0 HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba folda tupu si ushahidi wa diski tupu, na kwamba amri chache, zikifuatwa kwa utaratibu wa kusoma kwanza na kuandika mwisho, huweza kubainisha ukweli. Inapendekezwa kwamba kozi za mbinu za utafiti katika idara za Kiswahili zitenge angalau somo moja la vitendo, wanafunzi wakitumia kadi ya majaribio ambayo kupotea kwake hakumdhuru mtu.

Hata hivyo, ukaguzi ni tiba, na kinga ni bora kuliko tiba. Kila jioni, kabla ya kulala, rekodi za siku zinakiliwe mahali pawili. Majina ya faili yasitaje watu pale ambapo usalama wao unahitaji siri. Na kazi inapokamilika, nakala moja ibaki kwa jamii yenyewe, iwe Waelwana wa bonde la Tana au Waaweer wa msitu wa Boni. Sauti ni yao. Mtafiti amekabidhiwa tu, na aliyekabidhiwa huulizwa.